Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mdakaji Buster Posey Aliondoka Akiwa Bado Hodari?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam, ambako besiboli ilifika kupitia walimu wa kujitolea kutoka Japani. Kila ninapogawa nafasi za uwanjani, vijana hugombania kurusha mpira na kupiga, lakini nafasi ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa amevaa kinyago cha chuma, huwa haina mwenyewe. Ili kuwatia moyo niliwasimulia habari za Buster Posey wa San Francisco Giants. Kijana mmoja akaniuliza: kama kazi hiyo ni nzuri kiasi hicho, mbona Posey alistaafu akiwa na miaka 34, tena baada ya msimu mzuri, akazipa kisogo dola milioni 22 alizokuwa alipwe mwaka uliofuata? Naomba unisaidie kumjibu. (Mwalimu, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kijana wako ameuliza vizuri, na asijibiwe kwa juu juu. Posey hakuondoka kwa sababu alikuwa ameshindwa kucheza. Aliondoka kwa sababu udakaji hulipiwa kwa viungo vya mwili, na malipo hayo hayaonekani kwenye takwimu ambazo mashabiki huzisoma asubuhi baada ya mechi.

Posey alizaliwa tarehe 27 Machi 1987 huko Leesburg, katika jimbo la Georgia, na jambo la kwanza ambalo vijana wako wanapaswa kulijua ni kwamba hakuanza akiwa mdakaji. Alipoingia Chuo Kikuu cha Florida State alicheza katikati ya kituo cha pili na cha tatu, nafasi ambayo hupewa wenye miguu myepesi, na ni katika mwaka wake wa pili, 2007, ndipo makocha walipomshawishi ahamie nyuma ya mpigaji. Mwaka mmoja tu baadaye alipiga kwa wastani wa 0.463, wakati mpigaji anayefikia 0.300, yaani anayefanikiwa mara tatu katika kila kumi, huhesabiwa kuwa hodari. Alitwaa tuzo ya Golden Spikes ya wachezaji wasiolipwa, na katika mechi moja ya mwezi Mei 2008 dhidi ya Savannah State alicheza nafasi zote tisa za uwanjani, kurusha ikiwemo. Mwezi uliofuata Giants walimchukua akiwa wa tano katika uteuzi wa wachezaji chipukizi wa nchi nzima.

Alionekana kwa mara ya kwanza katika Ligi Kuu ya Marekani mwezi Septemba 2009, lakini nafasi ya kudumu hakuipata hapo hapo, kwa kuwa Giants walikuwa na mdakaji mzoefu, Bengie Molina. Katikati ya msimu wa 2010 klabu ilimhamishia Molina Texas Rangers na kumkabidhi kijana yule warushaji wote. Mwisho wa msimu timu zilizokutana katika World Series, yaani fainali ya Ligi Kuu, zilikuwa hizo hizo mbili, Giants na Rangers, na Giants wakashinda taji lao la kwanza tangu wahamie San Francisco mwaka 1958. Posey akachaguliwa mchezaji bora chipukizi wa Ligi ya Taifa, moja kati ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu.

Hapa inafaa tusimame tuangalie mdakaji anafanya nini hasa, kwa sababu televisheni humwonyesha mrushaji usoni na kumwacha mdakaji aonekane kama mtu wa kupokea tu. Chukua mrusho mmoja wa enzi za Posey. Mdakaji anachuchumaa, anaingiza mkono wa kulia katikati ya mapaja na kuonyesha vidole: kimoja kwa mpira wa kasi, viwili kwa ule unaopinda, kwa mpangilio ambao hubadilishwa mara kwa mara ili mpinzani aliyesimama kituo cha pili asiuibe. Kabla ya kuonyesha vidole hivyo ameshatazama nyayo za mpigaji zimekaaje, amekumbuka mtu huyo alipigaje mara iliyopita, na amepima kama bega la mrushaji wake limeanza kuchoka. Mkono mtupu anauficha nyuma ya mguu, kwa sababu mpira ulioparuzwa na gongo huvunja vidole. Mpira unatoka mita 18.44 mbele yake, mara nyingi kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa, na kumfikia kabla ya nusu sekunde kuisha. Anaudaka ukiwa pembeni kidogo ya eneo halali na, kwa mzunguko mdogo wa kiwiko, anaituliza glavu mahali ambapo mwamuzi aliye nyuma yake ataona straiki, yaani mrusho halali. Ikiwa wakati huo huo kuna mkimbiaji anayejaribu kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia bila mpira kupigwa, mdakaji ana takriban sekunde mbili za kusimama, kuutoa mpira kwenye glavu na kuutuma umbali wa karibu mita 39. Kisha anachuchumaa tena. Katika mechi moja hurudia hayo mara mia moja na arobaini hivi, na msimu wa klabu una mechi 162.

Ukitaka mfano wa mechi ambayo kazi hii ilifika kilele, ni ile ya tarehe 13 Juni 2012, ambapo Matt Cain wa Giants aliwaondoa wapigaji wote 27 wa Houston Astros bila hata mmoja wao kufika kituo cha kwanza. Ni mechi kamilifu ya pekee katika historia ndefu ya klabu hiyo, na imeandikwa kwa jina la Cain. Katika mirusho yote 125 mdakaji alikuwa Posey, na baada ya mechi Cain mwenyewe alimshukuru hadharani.

Sasa tuje kwenye gharama. Tarehe 25 Mei 2011, katika duru ya kumi na mbili ya mechi dhidi ya Florida Marlins, mkimbiaji Scott Cousins alitoka kituo cha tatu baada ya mpira wa juu kudakwa, akaona kibao cha nyumbani, ambapo mkimbiaji hufunga pointi, kimezibwa, akamgonga Posey kwa bega. Sheria za wakati huo zilimruhusu. Posey alivunjika mfupa mwembamba wa mguu wa kushoto na kano za kifundo zikachanika, na msimu wake ukaishia hapo, siku ya ishirini na tano ya Mei, akiwa na miaka 24. Picha za tukio hilo zilirushwa mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima, na mjadala uliofuata ulikuwa mmoja wa sababu za Ligi Kuu kubadili kanuni mwaka 2014: tangu hapo mkimbiaji haruhusiwi kuacha njia yake ili amgonge mdakaji, na mdakaji asiye na mpira mkononi haruhusiwi kuziba njia. Mashabiki wa Marekani wanaiita sheria ya Posey mpaka leo. Kwa maoni yangu kanuni hiyo ilichelewa miaka mingi, kwa sababu wadakaji walikuwa wakivunjwa kwa namna ile ile tangu zamani, ila hawakuwa wapigaji wa thamani ya Posey.

Alirudi mwaka 2012 na kufanya ambalo hakuna aliyelitarajia kwa mguu uliounganishwa: alipiga wastani wa 0.336, akawa mdakaji wa kwanza kuongoza Ligi ya Taifa kwa upigaji tangu Ernie Lombardi mwaka 1942, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi, na Giants wakatwaa tena World Series. Machi 2013 klabu ilimpa mkataba ambao jumla yake ilikuwa miaka tisa na dola milioni 167. Taji la tatu lilikuja 2014. Tazama hata hivyo jinsi klabu ilivyomtunza: kila msimu alipangwa baadhi ya mechi kwenye kituo cha kwanza, ambako mchezaji husimama badala ya kuchuchumaa, ili miguu ipumzike na gongo lake lisikosekane. Viongozi waliofanya mpango huo waliujua mwili wa mdakaji. Bruce Bochy, kocha mkuu wa mataji yote matatu, aliwahi kuwa mdakaji yeye mwenyewe.

Pamoja na matunzo hayo, mwili ulidai. Kichwa kilipata mtikisiko wa ubongo zaidi ya mara moja. Nyonga ya kulia iliharibika hadi nguvu ya kupiga ikapungua, na Agosti 2018 akafanyiwa upasuaji mkubwa. Msimu wa 2019 ulikuwa dhaifu kuliko yote aliyocheza, na wengi wakadhani mwisho umefika. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, alijiondoa kabisa, kwa sababu yeye na mkewe walikuwa wamewachukua na kuwalea watoto mapacha wa kike waliozaliwa kabla ya wakati, na afya ya watoto hao haikuruhusu hatari yoyote. Mapumziko hayo yakaipa nyonga nafasi ya kupona. Mwaka 2021 akarudi na kupiga 0.304 pamoja na mipigo 18 ya kuvuka uzio, huku Giants wakishinda mechi 107, idadi ambayo hawakuwahi kuifikia. Alicheza mechi 113 tu, kwa ratiba ya kupumzishwa iliyopangwa mapema. Hizo 49 alizozikosa ndizo zilizomwezesha kuwa bora katika zile alizocheza, na ndizo pia zilizoonyesha kwamba mwili ulikuwa umefika mahali ambapo kila mechi inapangiwa bajeti.

Tarehe 4 Novemba 2021 alitangaza kustaafu. Alieleza kwamba maumivu ya kila siku yalikuwa yameanza kumnyima furaha ya mchezo, na kwamba alitaka kuwa nyumbani na mkewe na watoto wao wanne. Klabu ilikuwa na haki ya kumbakiza kwa dola milioni 22 kwa msimu wa 2022, na ilikuwa tayari kuzilipa. Mwambie kijana wako kwamba mtu aliyekwisha kulipwa zaidi ya milioni mia moja na hamsini anazipima milioni 22 kwa mizani tofauti na yetu. Anauliza goti na nyonga vitamgharimu nini akiwa na miaka hamsini.

Wapo wanaosema aliondoka mapema mno kwa mtu anayetaka heshima ya Cooperstown, mji wenye jumba la kumbukumbu la magwiji, ambako jina lake linastahili kupigiwa kura kwa ajili ya kundi la 2027. Vipigo vyake vya mafanikio ni 1,500 kamili, ambavyo kwa mchezaji wa eneo la nyuma la uwanja ni vichache. Mimi sikubaliani na kipimo hicho. Joe Mauer wa Minnesota Twins aliongoza ligi yake kwa upigaji mara tatu akiwa mdakaji, lakini mpira ulioparuzwa na gongo ulimgonga kinyago Agosti 2013, ubongo ukatikisika, na hakudaka tena isipokuwa mrusho mmoja wa heshima siku ya mwisho ya maisha yake ya uchezaji, mwaka 2018; hata hivyo aliingizwa Cooperstown mwaka 2024. Wadakaji waliodumu kama Iván Rodríguez, aliyedaka mechi 2,427, au Yadier Molina, aliyekaa St. Louis kuanzia 2004 hadi 2022, ni watu wachache waliojaliwa miili isiyo ya kawaida, na si haki kumpima kila mdakaji kwa kuwatazama hao.

Na Posey hakuuacha mchezo. Mwaka 2022 aliingia katika kundi la wamiliki wa Giants, na tarehe 30 Septemba 2024 akateuliwa kuwa rais wa masuala ya besiboli wa klabu hiyo, yaani yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu nani asajiliwe na nani aachwe. Aliyetumia miaka kumi na miwili akiutazama uwanja mzima uso kwa uso, wakati wenzake wanane wote wanatazama upande wa pili, huwa amejifunza kazi ya uongozi bila kupelekwa darasani.

SWALI: Mimi ni kijana wa Kampala na nimecheza udakaji tangu shule ya msingi. Nasikia sasa mashine ndiyo itakayoamua straiki, na kwamba ujanja wa glavu umekwisha. Je, bado kuna nafasi kwa mdakaji kutoka Afrika Mashariki kulipwa kwa kazi hii?

JIBU: Ndugu yangu, Uganda ndiyo inayotangulia katika ukanda wetu, kwa hiyo uko mahali pazuri pa kuuliza. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Na kwa upande wa udakaji unamfahamu bila shaka Dennis Kasumba, ambaye video zake za mazoezi, akitumia matairi na vifaa vya kujitengenezea, zilimfikisha mwaka 2023 Maryland katika timu ya Frederick Keys, kwenye ligi ya wachezaji wanaotaka kuonwa na klabu kubwa. Alinyimwa viza kabla ya kufanikiwa, jambo ambalo uliweke katika hesabu zako.

Kuhusu mashine, ulichosikia ni nusu yake. Utaratibu ulioidhinishwa kwa msimu wa 2026 unamwacha mwamuzi aamue kama kawaida, kisha mpigaji, mrushaji au mdakaji anaweza kupinga kwa kugusa kofia, na kamera ndizo zinazotoa jibu. Kila timu huanza mechi na nafasi mbili za kupinga, ambazo hupungua inapokosea. Ujanja wa kuituliza glavu utapungua thamani lakini hautakufa, kwa kuwa mirusho mingi haitapingwa. Na jicho la kujua lini kupinga litakuwa sifa mpya ya mdakaji, maana ndiye anayeuona mpira kwa ukaribu kuliko wote. Ishara za vidole nazo zimeachwa kwa kiasi kikubwa tangu 2022, kwa kifaa chenye vitufe kinachomnong'oneza mrushaji sikioni.

Jambo ambalo lingenitia moyo kama ningekuwa wewe ni historia ya Jeff Mathis. Alicheza Ligi Kuu misimu 17, kuanzia 2005 hadi 2021, kwa wastani wa kupiga wa 0.194, ambao katika nafasi nyingine yoyote ungemrudisha nyumbani mwaka wa kwanza. Klabu baada ya klabu zilimtaka kwa sababu alijua kudaka, kuwatuliza warushaji na kupanga mirusho. Klabu ni thelathini na kila moja huwa na wadakaji wawili, wakati mwingine watatu, kwa hiyo nafasi za Ligi Kuu zinazidi sitini kidogo tu. Lakini hakuna nafasi nyingine ambamo mpigaji dhaifu anaweza kuishi muda mrefu namna ile. Jifunze Kiingereza vizuri, na Kihispania ukiweza, kwa sababu warushaji wengi wanatoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, na mdakaji asiyeweza kwenda kuzungumza na mrushaji wake aliyepaniki ana nusu ya kazi mkononi. Zaidi ya hayo fanyia mazoezi nyonga na vifundo vya miguu kila siku, na jifunze kudaka ukiwa umeweka goti moja chini, mtindo ambao umeenea sana katika miaka ya karibuni na unaowapunguzia wadakaji mzigo wa magoti.

SWALI: Mwanangu wa miaka tisa amejiunga na timu ya watoto hapa Toronto na anataka kuwa mdakaji, lakini anarusha kwa mkono wa kushoto. Kocha amesema haiwezekani. Ni kweli? (Mama, Toronto)

JIBU: Mama, katika Ligi Kuu ni kama hivyo. Benny Distefano wa Pittsburgh Pirates alidaka mechi tatu mwaka 1989 kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyezoeleka katika kazi hiyo baada yake. Husemwa kwamba mpigaji wa mkono wa kulia humzuia mdakaji wa kushoto anaporusha kwenda kituo cha pili, lakini sababu yenye nguvu zaidi naona ni kwamba mtoto wa kushoto mwenye mkono mzuri hunyakuliwa mapema akafanywe mrushaji, ambako anatafutwa kama dhahabu. Kwa umri wa miaka tisa hakuna kanuni inayomzuia. Mwombe kocha ampe duru mbili tatu kila wiki, na uulize mapema kuhusu glavu: ya udakaji kwa anayerusha kwa kushoto huvaliwa mkono wa kulia, na maduka mengi hayaiweki dukani, hivyo itabidi uiagize wiki kadhaa kabla ya msimu kuanza.